Mchinjaji Aliyebeba Mtoto Mgongoni

Kwao sikujui, ukoo wake sikuuliza, na kama babu yake alikuwa liwali au mwizi wa nazi, hilo si la kwangu. Nilimjua yeye. Sie tuliofanya kazi machinjioni Vingunguti tulimwita Mchinjaji, kana kwamba wengine wote waliokuwa na visu pale walikuwa wanakatakata vitunguu. Jina likamfuata mpaka mtaani kwetu Temeke, likaingia naye ndani. Hata mkewe akikasirika alisema, "Mchinjaji, sogea hapo nifagie."

Kabla sijamweleza yeye, nijieleze mwenyewe, maana msomaji lazima ajue anaongea na nani. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu wangu alisema sitafika popote. Leo mwalimu huyo akitaka maini mazuri anakuja kwenye bucha yangu, ile yenye vigae vyeupe mpaka darini, ambayo watu wa Temeke wanaitumia kuelekezana njia. Mie namwamkia, shikamoo mwalimu, halafu nampimia vizuri. Nilianza kwa kubeba utumbo kwenye ndoo, Vingunguti mpaka Temeke kwa miguu, nzi wananisindikiza kama bwana harusi. Sikusaidiwa na mtu. Nikisema hivyo mke wangu hukohoa, kwa hiyo naongeza: isipokuwa Mchinjaji, aliyenifundisha kushika kisu. Na nina watoto wangu wa kuzaa, tena wengi, lakini ubaba nilijifunza kwa mtu ambaye hakuzaa hata mmoja. Ndiyo maana naandika.

Sisi wenye visu tuna tabia ya kujionyesha. Kijana akikabidhiwa kisu leo, kesho ananoa mbele ya watu, shwaa, shwaa, anakiinua kimulike. Mchinjaji hakunoa kisu mbele ya mnyama hata siku moja. Alinoa ukutani kwa nyuma, akakificha chini ya aproni, akaja kama mtu anayekuja kusalimia. Wala hakukubali ng'ombe mmoja amwone mwenzake anavyokwenda. Dini imesema hivyo na sote tulijua imesema hivyo, ila wengi wetu tulikuwa na haraka. Yeye hakuwa na haraka, na bado alimaliza kabla yetu. Kabla ya bismillahi alikuwa akimnong'oneza mnyama maneno. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, unamwambiaga nini?"

"Namwomba radhi, kwa kuwa uso wa mwisho atakaouona duniani ni wako."

Mtu huyo aliyechinja nusu ya nyama iliyoliwa Dar es Salaam, nyama ya ng'ombe hakuila. Kwake walikula changu, dagaa na maharage. Ukimkaribisha pilau alichota wali uliozunguka nyama, nyama yenyewe akaisukumia upande wako wa sinia. "Nimezungumza naye asubuhi," alisema. "Siwezi kumla mchana."

Halafu alikuwa mwizi. Msidhani nawaandikia habari za malaika. Alikuwa mwizi wa kete za bao, mwizi asiye na haya, anazibana katikati ya vidole huku anakuuliza habari za nyumbani. Ukimshika anaapa, na huku anaapa kete inamdondoka kwenye mkono wa shati. Alidanganya umri wake, alidanganya kwamba hakoromi, na alimdanganya balozi wetu wa nyumba kumi kwamba anaumwa mgongo kila palipokuwa na mkutano. Lakini katika watoto aliowalea, hakumdanganya hata mmoja kuhusu alikotoka mtoto huyo. Hapo alikuwa mkali kuliko kadhi.

Mtoto wa kwanza aliingia nyumba ile miaka ya mwanzo ya Uhuru, bendera bado zina rangi. Pale machinjioni alikuwapo mchuna ngozi mmoja kutoka Kilwa, Selemani, kijana mwembamba, mikono myepesi. Mkewe alifariki siku aliyojifungua binti. Selemani akabaki na kichanga, na hapa mjini hana shangazi wala bibi. Mchinjaji na mkewe walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Selemani akawaletea yule binti, Mwanaidi, kazungushiwa kitenge cha mama yake, akasema anakwenda kwao kumchukua mama yake mzazi aje amlee. Atarudi mwezi ukiandama. Mwezi ukaandama, ukaandama mwingine, na mingine mingi.

Maziwa yalitoka kwetu. Mke wangu alikuwa ananyonyesha Shabani, kifungua mimba wetu. Mke wa Mchinjaji akaingia uani na kile kitoto kinalia, akasimama. Mama Shabani akamsogeza Shabani upande mmoja, akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo Mwanaidi na Shabani ni ndugu wa ziwa moja, hawaoani mpaka kiama, na mie bila kutoka jasho nikapata binti. Kwa hiyo ninapomsifu binti huyu mnisamehe, nina fungu langu ndani yake.

Mke wa Mchinjaji alikuwa akiwauzia chai na vitumbua makuli wa bandarini Kurasini. Alitoka alfajiri, akarudi alasiri. Mumewe naye alitoka alfajiri, lakini jua likianza kuwaka kazi yake imekwisha. Kwa hiyo alfajiri mtoto alikuwa kwa mke wangu, na baada ya hapo mpaka alasiri alikuwa na baba yake. Mwanamume mwingine angetafuta yaya. Yeye alioga, akachukua khanga ya mkewe, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kwenda kununua samaki.

Temeke ilisimama, nawaambia. Fundi baiskeli aliacha gurudumu linazunguka peke yake. Kina mama kwenye bomba la maji walisahau ndoo zikafurika.

"Jamani, Mchinjaji kazaa!"

"Kazaa lini?"

"Jana," akajibu mwenyewe bila kusimama. "Nyie mlikuwa mmelala."

Pale kwenye bao fundi viatu mmoja akamwambia, tena kwa ukali, "Mikono inayochinja haibebi mtoto, Mchinjaji. Ni mkosi huo."

"Na mikono yako inashona viatu," akasema, "mbona mkeo anatembea pekupeku?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Alipoamka, Mchinjaji akaanza kujitikisa, kushoto kulia, kushoto kulia, lile bega lililomwangusha fahali linayumba kama la mwali ngomani, na bao linaendelea, na kete anaiba vilevile.

Mie mwenyewe nilimshauri aoe mke wa pili. Wakati ule nilikuwa kijana, na ushauri niliutoa bure kwa kila mtu. Nikamwambia, mzee, una nguvu, una kazi, ongeza mke upate mtoto. Alikuwa anaikamua khanga uani kwake. Akanitazama.

"Na huyu aliyenikojolea mgongoni sasa hivi ni nani, bwana mdogo? Mpangaji?"

Mkewe alikuwa jikoni, akacheka mpaka mwiko ukaanguka. Sikuusema tena ushauri ule.

Mkutano mmoja wa chama alihudhuria, baada ya balozi kumfuata nyumbani. Enzi zile mikutano ilikuwa mingi, ya kujitegemea, ya kilimo, ya usafi. Balozi akatueleza kwamba katika ujamaa hakuna mtoto wa mtu mmoja, watoto wote ni wa taifa. Mchinjaji akanyoosha mkono, na Mwanaidi amelala magotini pake.

"Ndugu Balozi, nimefurahi sana. Sasa taifa linaogesha saa ngapi? Maana huyu hajaoga."

Balozi alikasirika wiki nzima. Lakini nilivyomwelewa mie, hakuwa anafanya mzaha tu. Alichukia maneno makubwa juu ya mtoto. Ukimwambia umefanya wema, anakuuliza kama umekuja na sabuni.

Tuligombana mara moja tu kwa dhati, na tuligombana kwa ajili ya jina. Mwanaidi alikuwa anaanza shule. Nilimwambia Mchinjaji, mwandikishe kwa jina lako. Wewe umemlea, wewe umekesha na surua yake. Huyo Selemani jina lake linafanya nini hapa?

"Jina la mtu si ngozi ya ng'ombe," akasema, "kwamba nikishachuna ni yangu."

Akamwandikisha Mwanaidi binti Selemani. Nikamwambia unamuumiza mtoto, watoto wenzake watamcheka. Akasema, njoo asubuhi. Nikaenda asubuhi. Binti anakunywa uji, baba yake anamfunga kamba za viatu, na huku anamsimulia kama anavyosimulia habari za mvua: "Baba yako wa kukuzaa yuko Kilwa. Alikuwa anachuna ngozi haraka kuliko mtu yeyote niliyemwona. Hiyo pua yako ni yake. Mama yako alikuwa anaimba akifua. Kunywa uji huo, usiuangalie." Mtoto akanywa. Hakushtuka, maana hakukuwa na jipya. Alikuwa anayasikia tangu hajaota meno. Nilikuja kuelewa baadaye. Habari ile ingeweza kuwa kisu, lakini kisu hicho hakikunolewa mbele yake hata siku moja.

Watoto wenzake walimcheka kweli. Mmoja alimwita mtoto wa kuokotwa. Mwanaidi akamjibu, "Sikuokotwa, nililetwa na mwenyewe. Wewe umezaliwa tu, hakuna aliyekuchagua." Mwalimu akamwita Mchinjaji shuleni. Mchinjaji akaenda, akasikiliza, akasema kosa la mtoto halioni.

Baada ya Mwanaidi walikuja wengine, nyumba ile ikawa kama stesheni. Nitamtaja mmoja, Anselmi. Baba yake alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, jirani wa ukuta kwa ukuta na Mchinjaji, Mkristo. Homa ilimchukua, na mama wa mtoto alishatangulia. Kijana akabaki na patasi za baba yake. Mchinjaji akamvusha ukuta. Sote tulidhani sasa mtoto atasilimu, na sheikh mmoja mwenye haraka alikwisha mchagulia jina. Mchinjaji akasema, "Baba yake alinikabidhi mtoto. Dini ya mtoto hakunikabidhi nibadilishe."

Kwa hiyo kila Jumapili mlimwona Mchinjaji, kofia kichwani na kanzu yake safi, amemshika Anselmi mkono, anampeleka kanisani. Anamwingiza mlangoni, anahakikisha amekaa, halafu yeye anatoka, anakaa chini ya ukuta nje mpaka ibada iishe. Padri alimkuta pale mara ya kwanza akamkaribisha ndani.

"Ahsante, baba, mie nasubiri mtoto."

"Utasubiri sana. Leo mahubiri ni marefu."

"Basi wewe ndiye ufupishe. Mtoto hajala."

Anselmi leo ni seremala Keko. Kabati la vioo lililoko sebuleni kwangu, ambalo wageni wote wanauliza limetoka nchi gani, limetoka mkononi kwake. Kila Idi anakuja kumwamkia baba yake, na kila Krismasi mke wa Mchinjaji anampikia wali wa nazi na kuku.

Selemani alirudi mara moja tu. Mwanaidi alikuwa ameanza kukimbia. Nilikuwapo, tumekaa barazani. Nikamwona mtu amesimama ng'ambo ya barabara na kifurushi, anatazama. Mchinjaji akamtambua kabla yangu, akainuka, "Selemani! Pita ndani!" Selemani akavuka, akachuchumaa, akamnyooshea mtoto mikono. Mtoto akakimbia akajificha nyuma ya mguu wa Mchinjaji, akaushika kwa mikono miwili. Mchinjaji akamwambia, "Huyu ndiye baba yako ninayekusimulia," akamsukuma kidogo. Mtoto akakaza. Selemani akala, akalala, na tulipotoka alfajiri kwenda kazini alikuwa ameshaondoka. Kifurushi kilikuwa na khanga mpya. Kwa miaka yote iliyofuata hatukusikia lolote zaidi ya kwamba watu wa huko wamehamia vijiji vya ujamaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwanaidi akakua, mrefu, mpole wa sura, mgumu wa kichwa. Akaja kuposwa na kijana wa bandarini, Juma, mtu wa kazi, wazee wake wa Mtoni, hatuna tunalomlaumu. Washenga wakakaa, wakala halua, wakasema yao. Mie nilikuwa nimekaa upande wa baba wa binti, kifua mbele. Mchinjaji akasikiliza mpaka mwisho.

"Posa nimeipokea kwa niaba," akasema. "Lakini mwenye kuozesha yuko Kilwa. Nipeni muda nikamuulize."

Nusura nimeze kahawa na kikombe chake. Washenga walipoondoka nikamvaa. Najua sheria yetu, kila mtu aliyekaa chuo cha Kurani hata mwezi mmoja anaijua: baba wa kulea hawezi kuwa walii wa binti, yaani mwenye haki ya kumwozesha, lazima awe baba wa damu au ndugu wa upande wa baba. Lakini walii asipopatikana, kadhi anaozesha. Njia ipo.

"Mzee, tutasema baba yake hajulikani alipo."

"Hajulikani na nani? Mie najua alipo. Yuko Kilwa."

Mkewe alikuwa mlangoni, amesikia yote. Mama yule hakuwa mtu wa kelele, na siku ile pia hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Miaka yote hii hakumtaka. Leo unakwenda kumkumbusha. Akikuambia nipe binti yangu, aje aolewe huku kwetu, na mume nimtafute mie, utamjibu nini?"

Mchinjaji akatazama mikono yake. Baba mwenye damu akisimama akisema hapana, wangebaki wanatazamana.

Mwanaidi akatoka chumbani. "Baba, nenda," akasema. "Lakini mwambie mie nitaolewa nikitokea nyumba hii."

Wakati ule nilikuwa nimeshanunua gari, pikapu, kuukuu lakini langu, na mafuta yalikuwa ya kutafuta kama dawa. Niliyatafuta. Barabara ya kusini nyie mnaisikia tu. Tulivuka Rufiji kwa pantoni, tukakwama, tukajikwamua kwa makuti ya mnazi, springi moja nikaifunga kwa kamba ya katani, na mpaka leo hakuna dereva aliyeniamini.

Karibu na kijiji tulichoelekezwa kwamba ndicho cha Selemani nikasimamisha gari. Nilitaka tuingie kama watu wazima, si kama wachukuzi. Nikatoa kanzu zetu kwenye begi, tukavaa, tukapiga kofia, tukaingia taratibu, nyumba zimepangwa mstari pande mbili kama askari.

Watu wa kwetu wakiona gari limetoka mjini bila taarifa, ndani yake wanaume wawili wamevaa kanzu, siku isiyo Ijumaa, wanajua jambo moja tu. Hata kabla sijazima injini mama mmoja aliweka mikono kichwani. Wa pili akaanza kulia. Mlango wa tatu wakatoa majamvi, wakatandika uani, na mzee mmoja nilimsikia anamwagiza mtu akawaite wasomaji wa hitima. Selemani akatokea shambani na jembe begani, mvi zimemwingia. Akamtambua Mchinjaji. Jembe likaanguka.

"Mwanaidi," akasema. Hakuuliza. Akakaa kwenye vumbi, akashika udongo kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume, wala machinjioni.

Mchinjaji aliruka kutoka garini akakanyaga kanzu yake, ikachanika.

"Hajafa, Selemani! Hajafa! Anaolewa!"

Kilio kikakatika. Kisha mama yuleyule wa kwanza akapiga kigelegele, na wenzake wakamfuata, juu ya majamvi yaleyale ya msiba. Mzee akamkimbilia yule aliyetumwa kwa wasomaji, amrudishe. Mie nilivua kofia nikajipepea. Mchinjaji alikuwa amechuchumaa kwenye vumbi mbele ya Selemani, amemshika mabega, na nikamwona usoni kwamba amejua kitu. Aliniambia njiani tukirudi: mtu anayelia hivyo si mtu aliyemtupa mtoto wake.

Walipotulia tukakaa kwenye jamvi. Selemani alisema siku ile aliyokuja Temeke, mtoto aliposhika mguu wa Mchinjaji kwa mikono miwili, aliona haya kumbandua. Akasema amekuwa akiuliza habari zake kwa kila mtu aliyetoka Dar, bila kutuma neno.

"Ungetuma," akasema Mchinjaji.

"Ningetuma nini, kaka? Wewe ulikuwa na mtoto. Mie nilikuwa na haya."

Halafu Selemani akabadili sauti. "Kwetu binti huolewa akitokea kwa baba yake. Mlete. Aolewe hapa, ndugu zake wamwone."

Lilikuwa lilelile alilolisema mke wa Mchinjaji mlangoni. Nikamtazama Mchinjaji, nikafungua kinywa nimsaidie, akanizuia kwa mkono.

"Una haki," akasema. "Sikuja kubishana na haki yako. Lakini nilitumwa, na nikifika nisiseme nilichotumwa nitakuwa mwongo. Amesema ataolewa akitokea nyumba aliyokulia."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakuambiwa na mtu aseme hivyo?"

"Selemani, kichwa kile ni kigumu, hakifundishwi neno. Na hakukitoa kwangu."

Selemani akacheka huku machozi hayajakauka. Akatazama shamba lake la mihogo, akatazama kanzu iliyochanika. "Basi mchukue moja kwa moja," akasema. "Mbele ya mashahidi. Awe wako."

"Mtoto ninaye," akasema Mchinjaji. "Na wewe unaye. Nimekuja kuomba ruhusa tu."

Ndipo Selemani akanyoosha mkono. Akamshika Mchinjaji mkono wa kulia, akasema mbele yangu na mbele ya mzee wa kijiji kwamba anamfanya yeye wakili wake amuozeshe binti yake Mwanaidi kwa Juma. Nilishuhudia mie. Katika yote niliyopata kushuhudia mjini hapa, mikataba ya viwanja, ya magari, ya bucha, hakuna ushahidi ninaojivunia kama huo.

Harusi ilikuwa Temeke, barabara tuliifunga. Nyama niliitoa mie yote, muulizeni yeyote. Sheikh akauliza, walii nani? Mchinjaji akajibu kwa sauti ya watu wote kusikia, "Baba yake, Selemani, wa Kilwa. Mie ni wakili wake." Akamshika Juma mkono. "Nakuozesha Mwanaidi binti Selemani." Mkono ule, ambao sikuwahi kuuona ukikosea shingo ya mnyama, Juma akaushika kwa mikono yake miwili. Selemani alifika kesho yake na gunia la korosho, akakaa mpaka fungate ikaisha.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa kituo, macho yake yalikuwa yameingia ukungu na kisu ameshampa kijana mwingine. Nilimpelekea sukari, maana sukari ilikuwa haionekani na mie najua pa kuipata. Alikuwa barazani, mkewe ndani anachambua mchele. Mwanaidi alikuwa ametoka hapo muda mfupi na watoto wake; kulikuwa na kiatu kimoja kidogo kimesahauliwa mlangoni.

Kuna swali nililokaa nalo tangu safari ile. Nikaona nisipoliuliza sasa sitaliuliza.

"Mzee, Selemani angeng'ang'ania? Angesema nipe binti yangu, ungefanyaje?"

"Ningempa."

"Ungempa hivihivi?"

"Ana haki. Ningempa." Akajikuna kidevu. "Kisha ningehamia kulekule."

"Kilwa? Ukafanye nini Kilwa? Kule mbung'o wamewamaliza ng'ombe, mzee. Wewe ni mchinjaji wa ng'ombe!"

"Mbuzi je?" akasema. "Mbuzi hawana shingo?"

Nikacheka. Nikadhani ni ulimi wake uleule. Mkewe akasema kutoka ndani, bila kuacha ungo, "Mie nilikuwa nimeshafunga vyombo tangu mlipowasha gari. Nikawa nasubiri tu jibu. Kamuulize mama watoto wako."

Sikuwahi kusikia habari hiyo, mie ambaye mtaa ule hapiti kuku bila kuniaga. Nikarudi nyumbani nikamkuta Mama Shabani anakunja nguo, nikamuuliza. Hakuinua hata macho.

"Alivifunga kwenye shuka la maua," akasema. "Sufuria kubwa ilikuwa inachomoza, fundo halifiki. Mie ndiye niliyeikalia akafunga."